Karatasi ya Namba Ishirini na Tatu

Watu wa rika la Pyo Geum-hui pale mjini Jecheon hawakuwa na haja ya kumtaja kwa jina. Walisema "yule aliyeruka mstari", na kila mtu akamjua. Basi tuanze na huo mstari, maana ulimponza zaidi ya mara moja.

Desemba ya mwaka 1989 alifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Karatasi ya majibu ilikuwa ile ya vidoa: unajaza wino mweusi kwenye kidoa kimoja katika kila mstari, na mashine inasoma. Swali la kumi na tisa lilimtoa jasho, akaliacha ili alirudie. Kumbe jibu la ishirini akalijaza kwenye mstari wa kumi na tisa, la ishirini na moja kwenye wa ishirini, na kuendelea hivyo hivyo hadi chini. Aligundua kengele ikilia. Akainua mkono, msimamizi akapita akaichukua karatasi bila hata kumtazama. Majibu thelathini sahihi yote yakageuka makosa, na ndoto yake ya ualimu ikaota mabawa.

Baba yake alikuwa mpasua mawe ya chokaa, hakuwa na uwezo wa kumlipia mwaka mwingine wa kujiandaa. Geum-hui akaingia ofisi ya kiwanda cha saruji, akajaza hati za malori kwa miaka ishirini. Aliolewa na mwanamume mpole, mtoto hakupata. Alipofika miaka arobaini akajikaza, akasomea ushauri wa vijana kwa masomo ya jioni, na shule moja ya sekondari ya chini ikampa chumba kidogo chenye makochi mawili na birika la chai ya shayiri. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila Februari, ukikaribia kwisha, roho yake ilikuwa juu. Lakini kazi aliipenda, na wanafunzi walimpenda. Hilo lazima lisemwe, maana yatakayofuata hayapendezi.

Mwaka aliotimiza arobaini na minane, alikuja Daktari Eom kutoka chuo kikuu cha Seoul. Alikuwa na utafiti wa miaka mitatu juu ya ustahimilivu wa vijana: kwa nini mtoto mmoja akianguka huinuka, na mwenzake hubaki chini. Alikuwa mtu wa heshima, si wa kujisikia. Aliacha makasha ya karatasi za vidoa, maswali sitini kwa kila mwanafunzi. Jina haliandikwi, ila darasa na namba ya mwanafunzi, ili aweze kuwafuata mwaka hadi mwaka.

"Mwalimu Pyo," alimwambia akiwa anavaa viatu mlangoni, "mashine yangu inasoma wino tu. Wewe una macho. Ukiona kitu, hata kidogo, nipigie siku hiyo hiyo, na mzazi umpigie. Usingoje matokeo."

"Nitakupigia, Daktari," alisema, na alimaanisha.

Siku ya maswali, Jumanne moja ya Aprili, alisimama nyuma ya darasa la kidato cha pili mkondo wa nne. Mwalimu wa darasa alikuwa Ki Dong-uk, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyekuwa ameumwa na nyoka mwaka uliotangulia: wanafunzi wake watano, kwa majibu yao ya maswali kama haya, waliingia kwenye orodha ya wanaohitaji kuangaliwa, wazazi wakaitwa, na wazazi wakaja moto. Mama mmoja alimuuliza mbele ya watu kama anataka kumharibia mwanawe njia ya sekondari ya juu.

"Haya, sikilizeni," Mwalimu Ki alisema akigawa karatasi. "Someni swali vizuri kabla ya kujaza. Nyie si watoto, mnajua kila swali lina jibu linalotakiwa."

"Kwani yatatoka kwenye mtihani wa katikati ya muhula?" mvulana mmoja aliuliza.

"Kwako hata yakitoka ni bure, vitabu hufungui." Darasa likacheka. "Ila nasema hivi: anayetaka mama yake aitwe shuleni, ajaze ovyo."

Geum-hui alisikia. Alitaka kusema neno, akaona atamwaibisha mwenzake mbele ya wanafunzi, akanyamaza. Adabu zetu hizo! Ungedhani tumeumbwa kwa ajili ya kutoaibishana. Watoto wakainama, na kwa dakika ishirini hakikusikika kitu ila kalamu na ule mkwaruzo wa utepe mweupe wa kufutia. Hawa ni watoto waliojaza vidoa tangu wakiwa na miaka saba, hata kwenye madarasa ya jioni ya kulipia hufundishwa namna ya kulinusa jibu linalotakiwa. Swali lilisema, "Nikianguka, huinuka upesi." Nani asiyejua jibu la hapo?

Saa nane mchana alikuwa chumbani kwake akipanga karatasi kwa namba, kwa sababu mchukuzi wa vifurushi angefika saa tisa. Karatasi ya namba ishirini na tatu ilikuwa nzito kuliko nyingine. Akahesabu: vipande kumi na moja vya utepe mweupe. Mwanafunzi alikuwa amejaza, akafuta, akajaza upya. Geum-hui akasimama, akaiinua dirishani ili mwanga upite, na wino wa chini ukaonekana.

"Nafikiri wenzangu wangekuwa na raha kama nisingekuwepo." Juu ya utepe: si kweli kabisa. Chini yake: kweli kabisa.

"Kuna mtu mzima ninayeweza kumwambia shida yangu." Juu: kweli kabisa. Chini: si kweli kabisa.

Namba ishirini na tatu ilikuwa ya Tak So-dam, binti wa mama mmoja anayeuza kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, na vitoweo karibu na soko la kati, baba yake akiwa kwenye ujenzi huko Ulsan. Alikuwa mtoto asiyemsumbua mtu, wa kuinamisha kichwa na kusema ndiyo mwalimu, hapana mwalimu. Marafiki zake watatu walikuwa wamemtoa kwenye kundi lao la ujumbe wa simu tangu Machi, na hakuna mwalimu aliyejua.

Ulikuwa wakati wa usafi, na zamu ya So-dam ilikuwa palepale nje, kufuta madirisha ya ukumbi kwa magazeti. Geum-hui akafungua mlango akamwita.

"So-dam, njoo kidogo. Keti. Utakunywa chai?"

"Hapana, mwalimu. Asante."

"Karatasi yako hii ina utepe mwingi."

Msichana akaitazama karatasi, kisha akatazama mikono yake yenye wino wa magazeti.

"Niliruka mstari, mwalimu," akasema. "Nilianza kujaza chini kwa mstari mmoja. Nikagundua baadaye, nikafuta."

Na hapo ndipo Geum-hui alipopotea. Mtu mwingine angesita. Mtu mwingine angefanya hesabu ndogo tu, kulinganisha wino wa chini wa kila mstari na jibu la mstari wa jirani, na angeona mara moja kwamba havilingani, hakuna mstari ulioruka. Lakini ungemwambia nini mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiuota mstari ule ule? Kifua kilimfunguka kwa nafuu. Alimwonea So-dam huruma kama anavyojionea mwenyewe, na huruma ile ikamziba macho.

"Pole mwanangu," akasema. "Mimi nayajua hayo, yalinipata. Bora wewe uligundua mapema."

"Ndiyo, mwalimu."

"Uko salama lakini? Nyumbani, darasani?"

"Niko salama."

"Haya, nenda ukamalize usafi."

So-dam alisimama, akainamisha kichwa, akafika mlangoni akasita akiwa ameshika kitasa. Geum-hui alikuwa tayari anafunga kasha. Mchukuzi alikuja saa tisa kasoro dakika tano. Hakumpigia Daktari Eom, wala mama yake So-dam.

Mwishoni mwa Mei matokeo ya kwanza yalirudi. Katika shule zote za utafiti, hii ilishika nafasi ya juu kwa ustahimilivu wa wanafunzi, na ndani ya shule, mkondo wa nne uliongoza. Mkuu wa shule akatundika bango la kitambaa langoni lenye herufi za bluu, wazazi wakalipiga picha. Daktari Eom alipiga simu, sauti yake haikuwa na furaha. "Alama hizi ni nzuri mno, Mwalimu Pyo. Watoto wa miaka kumi na minne hawako hivi popote duniani." Geum-hui akacheka kidogo, akasema labda ni hewa ya milimani.

Jumatatu ya pili ya Juni, So-dam hakufika shuleni. Mama yake alikuwa amerudi nyumbani kuchukua funguo za duka alizosahau, na kwa sababu ya funguo hizo alimkuta mtoto bado ana pumzi. Gari la wagonjwa liliwahi.

Mkuu wa shule alimwita Geum-hui kabla ya saa sita. Mwalimu Ki alikuwa ameketi pembeni, uso umemvimba kwa kulia.

"Mwalimu Pyo, utakwenda hospitali kwa niaba ya shule," mkuu alisema. "Mama ataulizia dalili. Hakukuwa na dalili. Karatasi zenyewe zinasema, mtoto alikuwa na alama za juu."

"Zilikuwa za juu, lakini juu ya utepe tu," Geum-hui alisema.

"Sikuelewi."

"Chini ya utepe alisema yote. Niliyasoma."

Mkuu alivua miwani akaifuta, akairudisha. "Sijasikia hilo," akasema taratibu. "Na wewe mkataba wako unaujua. Fikiri vizuri utakachokisema."

Alifikiri njia nzima. Kwamba unga wake utamwagika alijua. Kilichomtisha ni uso wa yule mama.

Mama So-dam alikuwa ameketi kando ya kitanda na aproni yake ya dukani, bado inanuka kitunguu saumu. So-dam alikuwa amelala, amefumba macho, sindano ya maji mkononi.

"Asante kwa kuja, mwalimu," mama alisema. "Hebu niambie. Mimi niko dukani tangu alfajiri, sina macho. Hivi nyie huko hamkuona chochote?"

"Mimi niliona, Mama So-dam."

Akamweleza yote, bila kujitetea: utepe, dirisha, mstari, saa tisa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Aprili," akasema. "Nilikuwa namfungia chakula cha mchana Aprili. Nilimfungia kila siku, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha hapa." Akainuka, akatoka hadi ukumbini, na kilio alichotoa huko kilisikika vyumba vyote.

Geum-hui alibaki amesimama. Alipogeuka alikuta So-dam amefumbua macho.

"Nilikuwa nje ya dirisha lako nafuta," So-dam alisema, sauti imekauka. "Nilikuona unaiinua. Nilijua umesoma."

"So-dam..."

"Nikasema moyoni, akiniuliza mara ya pili nitamwambia. Nilisimama mlangoni pale. Ukawa unafunga kasha."

Machozi yalimtoka Geum-hui, akayaacha yatoke.

"Sasa nakuuliza," akasema. "Nakuuliza mara ya pili, mwanangu. Una nini?"

So-dam alimtazama bila hasira. Kisha akafumba macho tena.

"Sasa sitaki, mwalimu," akasema.

Geum-hui akavuta kiti, akaketi, akangoja hadi muuguzi alipokuja kumwambia muda wa wageni umekwisha.