Mkate wa Kumwagika

Nyama ya kusaga katika soko letu hununuliwa na watu wa aina mbili tu: mama anayekaanga sambusa pale stendi, na mtu aliye na mgonjwa asiyeweza kutafuna. Mimi sikuwa wa kwanza wala wa pili, kwa hivyo kila Jumanne jioni nilipoingia kwenye buchari moja karibu na Roret nilikuwa na maneno yangu tayari. "Nimetumwa," nilikuwa nikimwambia mwenye buchari. Naye angetia nusu kilo kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, acheke, aseme, "Mwalimu, ambia mama watoto nyama ni ya kutafuna." Mimi nami ningecheka, tena kwa sauti kumshinda. Hakuna mtu aliyekuwa amenituma.

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali moja Bomet. Siku za zamu ndefu huondoka kabla ya jua na kurudi saa tatu usiku, miguu imemvimba. Siku hizo mpishi ni mimi. Yeye hakunilazimisha. Nilianza mwenyewe, binti yetu alipokuwa darasa la pili, baada ya wiki nzima ya chai na mkate mkavu, na nikaona kumbe napenda. Ugali wangu ulikuwa na madonge, kwa hivyo nikatafuta kitu ambacho mtu aliyechoka anaweza kupika bila kuaibika. Nikakipata kwenye simu, video ya dakika tatu: nyama ya kusaga, mchuzi mzito, mkate, basi.

Unakaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, unatia nyama na kuivunjavunja kwa mwiko isishikane, halafu karoti iliyokunwa, hoho, nyanya nne zilizoiva hadi zinapasuka, na mwisho nyanya ya pakiti ili mchuzi ushike. Kijiko kimoja cha sukari. Hicho cha sukari kiliongezwa na binti yangu, na alikuwa na haki. Skonzi unazipasua katikati, unazipaka siagi na kuzichoma kwenye kikaango kikavu. Kisha unajaza. Siku ya kwanza binti alipouma upande mmoja, nyama yote ikatokea upande wa pili ikamwangukia kwenye sweta ya shule. Tangu hapo tukakiita mkate wa kumwagika. Alikuwa akikaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, daftari mapajani, akifanya hesabu zake na kuonja chumvi. Naweza kusema bila kuongeza chumvi yangu kwamba hizo ndizo saa nilizokuwa mtu mzuri zaidi.

Mke wangu alijivunia jambo hili kuliko nilivyojua. Aliwaambia wenzake wodini kwamba akifika nyumbani anakuta chakula, tena si cha kununua. Mimi nilikuwa nikijivunia shuleni, ambako nilipewa kazi ya kuwashauri wavulana. Kila Ijumaa kwenye paredi niliwaambia, "Sufuria haina jinsia!" Wavulana walipiga kelele wakafurahi. Nilikuwa hodari sana wa kusema.

Lakini nyumba yangu iko kwenye shamba la baba yangu, na boma lake liko ng'ambo tu ya majani chai yetu. Baba ni mtu wa zamani. Tangu alipotoka jandoni hajawahi kusogea penye mafiga. Mama alipolazwa wakati wa kujifungua mmoja wetu, baba alikunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, siku tatu mfululizo bila kuwasha moto, ingawa unga na mboga vilikuwa ndani. Habari hiyo kwetu husimuliwa kwa sifa. Nimeisikia tangu utotoni, na hata nilipokuwa nimesimama na mwiko mkononi, sehemu yangu fulani bado iliisikia hivyo hivyo.

Jumanne hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane, mvua yetu ya kila siku, na jioni ilikuwa ya ubaridi. Nilikuwa nimevaa aproni ya mke wangu, ya maua ya waridi, aliyopewa na akina mama wa kanisa. Nyama ilikuwa imeanza kuchemka. Mbwa akabweka. Halafu nikasikia kikohozi getini, kile kikohozi cha mzee anayetaka ajulikane kabla hajaonekana, na sauti ya mzee mwingine ikimjibu.

Jikoni na sebule yetu vinatenganishwa na pazia. Nilikuwa na muda wa kutosha kufanya jambo moja tu, na nilichokifanya sikukifikiri, mikono ilikijua. Nilivua aproni nikamvalisha binti yangu. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu, nikaikunja kiunoni na kuifunga kamba mara mbili. Nikampa mwiko.

"Koroga tu, isishike chini."

"Kwani nini, Baba?"

"Kugo amekuja."

Nikasema hivyo tu, babu amekuja, utadhani hilo ni jibu. Nikanawa mikono kwenye ndoo, nikakaa kwenye kochi na kuvuta rundo la daftari. Daftari la kwanza nililofungua nilikuwa nimelisahihisha jana yake. Nikaweka alama za vema juu ya vema.

Baba aliingia na rika lake, mzee wa kanisa anayeheshimika kijijini. Tuliongea kwa lugha yetu, lakini nikiigeuza ilikuwa hivi.

"Chamgei, kijana. Mama mtoto ako wapi?"

"Chamgei, Baba. Bado ako kazini."

Baba akainua pua. "Na hii harufu tamu ni ya nani?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa maneno mawili, ni mimi, na sijui kama mbingu zingeanguka. Nikasema, "Ni msichana. Anajaribu jaribu."

Uso wa baba ulifunguka nikaona meno yake yote. Akamwita. Binti akatoka nyuma ya pazia, ameinua aproni kwa mkono mmoja asijikwae, mwiko mwekundu ukidondoka sakafuni. "Miaka tisa!" baba akamwambia mwenzake. "Umeona? Miaka tisa!"

Ndipo wakasema kilichowaleta. Wageni walikuwa wanakuja mwezi uliofuata kumposa dada yangu kitinda mimba, na boma lilihitaji msemaji. Kaka zangu wawili walikuwa wanaitaka nafasi hiyo. Mimi pia niliitaka, tena sana, ingawa sikuwahi kumwambia mtu. Mzee wa kanisa akasema, "Tunataka mtu mwenye nyumba imesimama. Nikamwambia baba yako, twende tufike kwake bila kumwambia, tuone."

"Mimi nimeona," baba akasema.

Binti alitupikia, maana yake, alileta. Alitunawisha mikono kwa jagi na beseni, akatembea polepole na sahani, skonzi mbilimbili. Baba aliugeuzageuza ule mkate, hajui aanzie wapi. Alipouma, nyama ilimwagika kwenye goti la suruali yake ya kanisani, akacheka mpaka akakohoa. Akaumaliza. Akaumaliza na wa pili.

Mzee wa kanisa akamuuliza binti, "Nani amekufundisha hii, mama?"

Akaniangalia. Ninaujua mtazamo ule. Wanafunzi hunipa kwenye mtihani wakati wanajua jibu na wanangoja tu niwape ruhusa ya kuliandika. Nikainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Ni mama," akasema.

Baba akamwekea mkono kichwani, akambariki, akasema kesho yake atamletea kuku wa mayai. Wakaondoka kukiwa na mwanga kidogo bado. Nilisimama mlangoni nikiwaona wakipita katikati ya majani chai, na nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa na furaha. Msemaji nilikuwa mimi.

Nilirudi jikoni nikamkuta ameketi kwenye mtungi wake, aproni bado kiunoni. Skonzi mbili zilikuwa zimebaki. Hakuzigusa.

"Baba, hiyo kuku itakuwa yangu ama yako?"

"Yako."

"Lakini mimi sikupika."

"Ulikoroga. Umesaidia."

Akafikiri. Ni mtoto anayefikiri kwanza. "Nimwambie mama nini?"

Nikasema, "Mama atakuwa amechoka. Hakuna haja ya kumwambia." Mimi, mshauri wa wavulana, nilimfunza mtoto kumficha mama yake jambo, na nikamfunza kwa sauti ya upole, ili isisikike kwamba ni kosa.

Kuku alikuja asubuhi, wa rangi ya kahawia, shingo tupu. Mke wangu alipouliza, binti akasema, "Kugo alinipa tu." Mke wangu akafurahi kwamba baba anampenda mjukuu. Kuku yule alianza kutaga wiki ile ile, na hakukosa siku. Asubuhi binti alileta yai likiwa bado na joto, akaliweka mezani mbele yangu, si mbele ya mama yake. Sijui kama alikuwa na maana yoyote. Nilianza kusema mayai yananisumbua tumbo.

Siku ya wageni nilisimama na koti langu jeusi, nikasema vizuri. Nitakuwa nadanganya tena nikijifanya sikusema vizuri. Katikati ya hotuba nikajisikia nikiwaambia wageni kwamba kwetu watoto hulelewa katika ukweli, na wazee wakaitikia, na baba akaniangalia kwa macho niliyokuwa nikiyatafuta tangu nikiwa na kaptula. Binti yangu alikuwa akipita na sinia la vikombe. Hakusimama. Alitembea polepole, vile vile alivyotembea ile jioni, na nikasahau sentensi iliyofuata. Watu walidhani nimeguswa.

Ijumaa iliyofuata kwenye paredi niliwahutubia wavulana kuhusu kunyoa nywele.

Ningekuwa mtu wa maana ningeenda kwa baba. Ni hatua mia mbili, kupita kwenye chai. Nilifika hata katikati siku moja, nikamkuta akipogoa, tukaongea juu ya mbolea. Nikarudi.

Kupika sikuacha, maana watu lazima wale. Jumanne moja, kama wiki tatu baada ya posa, nilikuwa nimeanza mchuzi. Kitunguu kilikuwa kimeshika rangi na binti alikuwa na hesabu zake. Mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa ananisomea swali kuhusu mapipa ya maji, na mimi nilikuwa nacheka kwa sababu mapipa hayo yalikuwa yanavuja tangu mimi mwenyewe nikiwa darasa la nne. Kwa dakika chache tulikuwa tumerudi mahali petu pa zamani.

Mbwa akabweka.

Hakuniangalia hata. Alifunga kalamu, akaweka daftari chini, akasimama, akainua mikono yote miwili juu ili nimfunge aproni. Alisimama hivyo, mikono juu, macho kwenye mlango, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi, kila jioni mbwa alipobweka, na mimi sikujua.

Hapo pia ningeweza. Niliona kabisa kwamba ningeweza. Na bado nilifungua kamba mgongoni mwangu, nikamvalisha, nikakunja kiunoni, nikafunga mara mbili. Akachukua mwiko mkononi mwangu.

"Enda ukae, Baba," akaninong'oneza. "Chukua vitabu."

Nikaenda. Nikakaa. Nikachukua vitabu.

Aliyesukuma mlango alikuwa mke wangu. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaja mapema, mwavuli bado ukitiririka maji ya mvua ya njiani, na mkononi ameshika nyanya za barabarani alizoninunulia, kwa sababu alijua ni Jumanne. Akaniona kwenye kochi. Akaona pazia limefunguliwa nusu, na mtoto wake amepanda juu ya mtungi mbele ya gesi, amefungwa aproni ya waridi, mafuta yakimrukia mikononi.

"Kwani leo nani anapika?"

Akamwangalia binti, akaniangalia mimi na zile daftari, akamwangalia binti tena. Mke wangu hufanya kazi na wagonjwa wanaoficha mambo. Hahitaji kuambiwa mara nyingi.

"Mnamficha nani hili?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

Niliinuka, nikaenda jikoni, nikanyoosha mkono. "Niletee hiyo aproni, mama," nikamwambia binti yangu. "Nipe nimalize mwenyewe."

Akashika kamba zake kwa nguvu. Akachungulia nyuma ya mama yake, kwenye mlango ulioachwa wazi, kuelekea getini.

"Ngoja kwanza, Baba," akasema. "Mbwa bado inabweka."