Nafasi ya Marahaba

Juzi nilipeleka mzigo kwa wakala mmoja wa usafirishaji pale jengo la Tianxiu Dasha, Guangzhou. Mizani yake ilipomaliza kupima ikatoa mlio mrefu, mwembamba, kama wa mbu aliyefundishwa kuimba. Nikajikuta nimenyoosha mgongo na kufunga mdomo. Wakala akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamjibu. Mlio kama huo nimekua nao.

Ulikuwa mlio wa mashine ya kupokea ujumbe, iliyokaa kando ya simu yetu ya mezani nilipokuwa mdogo. Tulipanga nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya juu, jikoni kukinuka mchuzi wa nazi ya kopo na ngazini kukinuka tangawizi ya majirani. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu. Mama, mzaliwa wa Nakuru, alisimamia oda za nguo kwenye karakana za mtaa wa Kangle kwa niaba ya wafanyabiashara wa kwetu na wa Kongo. Simu ilikuwa moja, ya biashara na ya ukoo, na mchana hapakuwa na mtu wa kuipokea. Ndiyo maana Mama akanunua ile mashine.

Salamu ya kwanza aliirekodi kwa haraka, mkono mmoja kwenye kitufe, mwingine kwenye mkoba. "Hatuko. Acha ujumbe." Basi. Kwa Mama hayo yalikuwa maneno kamili, hata yana adabu. Nakuru hawapotezi muda wa mtu.

Sasa nyinyi mnaoijua Tanga mmeshashtuka. Huko "acha" huambiwa mtoto anayechokonoa chungu. Na aliyekuja kuambiwa "acha" ni Shangazi Riziki, dada mkubwa wa Baba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Siku hiyo tuliporudi, taa nyekundu ilikuwa ikimweka. Baba akabonyeza, tukaisikia sauti yake, tulivu kabisa: "Nimeambiwa niache. Basi nimeacha."

Na kweli akaacha. Baba alipompigia, aliambiwa na watoto wa nyumba kwamba Shangazi amelala, au yuko kisimani, au ana wageni. Sisi huku tulikuwa tunajiandaa kwenda Tanga likizo, mara ya kwanza kwangu, na nyumba ya kufikia ilikuwa yake. Baba akapendekeza arekodi yeye salamu mpya, kisha ampelekee dada yake maneno ya kuomba radhi. Mama alikuwa akikunja mashati. Hakuinua hata uso.

"Maneno yalitoka kinywani mwangu," alisema. "Mapya pia yatatoka humo humo. Na usimpelekee habari. Atapiga mwenyewe."

Jumamosi akaniita nimsaidie. Sijapata kuona kazi ndogo ikifanywa kwa heshima kubwa vile. Kwanza tulifunga madirisha, kwa sababu jirani alikuwa akicheza mahjong, mchezo wa Kichina, na vile vigae vyake vilisikika kama mvua ya mawe. Tukazima feni. Nikatemeshwa peremende, ingawa mimi sikuwa na neno la kusema. Mama akavua ndala, akajitanda leso mabegani, akasimama wima mbele ya simu. Nilimwambia kwamba mashine haioni. Akanijibu kwamba mtu akiongea ameketi ovyo, sauti nayo huketi ovyo.

Kisha akanipa ishara, nikabonyeza, mashine ikatoa mlio wake mwembamba.

"Shikamoo," alisema Mama. Akanyamaza muda wa mtu kumeza mate. "Karibu sana. Tumetoka kidogo, twarudi. Tafadhali tuachie neno, nasi tukifika tutakupigia."

Ile "twarudi" aliifanyia mazoezi jikoni asubuhi nzima. Tulirekodi tena na tena, na kila mara nilimwona akikazania kile kimya baada ya shikamoo. Kikiwa kifupi, tunarudia. Nilidhani anasahau maneno yanayofuata.

Basi kuanzia hapo Guangzhou nzima ikaamkiwa. Kijana mmoja wa Lubumbashi, mdogo kwa Mama kwa miaka mingi, aliacha ujumbe kwa sauti ya kutahayari: "Pardon, mama, ni miye njo nilipashwa kukusalimia." Bosi wa karakana ya Kangle, mzee mwenye miwani kichwani, aliamini hilo ndilo jina la Mama. Tulipokwenda kuchukua suruali alituita toka ng'ambo ya kichochoro, "Laoban Shikamoo! Laoban Shikamoo!" yaani Bosi Shikamoo. Wanafunzi wenzake Baba walicheka. Baba mwenyewe akashauri kwa upole kwamba labda neno hilo liondolewe, maana wateja wengi ni vijana. Mama akasema halimpunguzii kitu.

Wiki zikapita. Masanduku yakaanza kujaa sebuleni.

Halafu jioni moja tulirudi kutoka Kangle na furushi la vitambaa, taa inamweka. Mama akabonyeza akiwa bado amelibeba. Kwanza kelele za barabarani, jogoo, mtu anapumua. Ikapita kitambo. Kisha Shangazi akasema, "Marahaba." Akakohoa. "Marahaba, wifi yangu. Nauliza tu, huyo mtoto anakula dagaa?"

Mama aliurudia ujumbe ule, akaurudia tena, furushi begani. Mimi nikakasirika. Sikupenda dagaa, na niliona wazi kwamba Mama anafurahia nitakavyolishwa.

Ilinibidi nikue, tena nichumbiwe, ndipo Baba aliponieleza. Shangazi hakuitaka ile ndoa. Siku ya harusi Mama alimwamkia mbele ya watu, naye akageuza uso kama hakusikia. Mama aliendelea kumwamkia miaka yote, kwa simu na kwa barua, na miaka yote hakuitikiwa. Hakulalamika, wala hakuacha. Aliporekodi salamu ile aliacha nafasi ya kutosha kwa jibu la mtu mmoja tu, akawaamkia wafanyabiashara wote wa Xiaobei, mtaa wetu, ili mtu huyo asijione amelengwa peke yake.

Tulipoteremka stendi ya Tanga, Shangazi Riziki alikuwa pale mwenyewe, amejifunga kanga mpya. Mama alitua mkoba, akaanza, "Shika—" na Shangazi akawa ameshaitikia. Nilidhani watu wa Tanga ndivyo walivyo, wana haraka.