Jicho Lililolia Bila Msiba

Kazi yangu ni kusherehesha harusi huku Machakos, na kwa miaka miwili jicho langu la kushoto lilikuwa likinichongea. Nikishika maikrofoni tu, chozi linateremka. Katika harusi moja kule Wamunyu, shangazi wa bwana harusi alinivuta kando ya hema akaninong'oneza, "Dada, kama ulikuwa na mambo na kijana wetu, sema sasa kabla pasta hajafika."

Nilicheka mpaka jicho la kulia nalo likalia.

Hospitalini waliniambia mfereji unaopeleka machozi puani umeziba. Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akafungua njia mpya kwa ndani bila kunigusa uso. Nikashukuru. Lakini miezi michache baadaye chozi likarudi, tena na utando wa kunata kila asubuhi.

Daktari alichungulia, akatikisa kichwa. "Kovu limefunga njia, mama. Tukirudia, nitapanua tundu zaidi, halafu niache kimrija laini ndani mpaka kingo zipone. Na wewe utaosha pua kwa maji ya chumvi kila siku, uje nikuangalie mapema, kabla kovu halijatuwahi."

Niliogopa. Nani anapenda kupasuliwa mara mbili pahali pamoja? Usiku ule nilimpigia mamangu simu kijijini Kola. Kesho yake alikuwa mlangoni na mfuko wa ndizi, akisema mbaazi zitajichunga.

Nilipasuliwa tena. Kila asubuhi, hata sijamwamkia mtu, namsikia jikoni: "Umeosha?" Basi nainama kwenye sinki nikipuliza maji puani kama ndovu, naye anacheka hadi anashika ukuta.

Siku kimrija kilipotolewa, daktari alidondosha dawa jichoni. "Ngoja kidogo, uniambie unasikia nini."

Nikangoja. Mara kooni kukaingia ladha ya shubiri.

"Chungu!" nikapiga kelele. "Chungu kabisa!"

"Basi dawa imepita, njia iko wazi," akasema, naye akitabasamu.

Mimi na mama tulienda kula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, karibu na stendi. Nikimtazama mamangu akipuliza kijiko chake, machozi yakanijaa.

Akashtuka. "Limeharibika tena?"

"Hapana, mama. Haya ni yangu mwenyewe."

"Haya, kula basi," akasema, akanisogezea maharagwe.