Tawi la mgunga kwenye njia panda: nilivyomwacha shemeji yangu juani huko Kinango

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ninayoyaleta, shemeji yangu ameyasoma kabla sijayabandika, kwa hivyo nikitia chumvi atanisuta papa hapa.

Mimi ni dereva, mzaliwa wa Msambweni, naishi Ukunda. Nimeendesha malori miaka mingi barabara kuu ya Mombasa kabla ya kununua four-wheel yangu kuukuu.

Shemeji, mume wa dadangu, anaitwa Mwero. Ni mtu wa Kinango ndani kabisa, amekua akichunga mbuzi. Ana pikipiki ya njia mbovu anayoipenda kuliko anavyotupenda sisi.

Tulitaka kutafuta njia ya ndani kwa ndani, kutoka Kinango mpaka Mackinnon Road, bila kugusa lami. Kuna wageni Diani wanaopenda safari za vumbi, tukasema twende tukaione wenyewe kwanza.

Kinango tulijaza mitungi miwili ya maji, yote ikaingia garini. Mwero alisema kubeba begi kunamuumiza mgongo, nami sikubisha. Hapo pakumbukeni.

Baada ya kilomita chache nilichoka. Yeye mbele, mimi nyuma nakula vumbi lake. Nikampigia honi, akasimama.

"Shemeji, tangulia. Ukifika njia panda usiningoje, niwekee alama tu."

"Alama nitaweka," akasema, akaenda zake.

Alama gani? Mimi sikuuliza, yeye hakusema. Watu wazima wawili, tena wenye watoto.

Nilimwacha apotee kabisa ndipo nikafuata, madirisha nimeyafunga, AC inalia. Saa nne unusu nikafika njia panda. Njia ya kulia ilikuwa na tawi la mgunga limelazwa katikati, majani bado mabichi. Ya kushoto haikuwa na kitu.

Nilisimama kidogo, injini inanguruma.

Wakuu, nyinyi madereva mnajua. Ukiona matawi barabarani, mbele kuna gari limekufa. Ndivyo tulivyofanya siku zote kwenye malori. Nikasema Mwero ameharibikiwa, ananiita. Nikalikanyaga tawi, nikaenda kulia mbio.

Alama za tairi lake sikuziona. Nikajiambia ng'ombe wamezifuta. Mtu akishaamua jambo, macho yanamtii.

Njia ikateremka kwenye mto mkavu, mchanga mtupu. Gari likazama mpaka kwenye ekseli. Nilipunguza upepo wa matairi, nikachimba kwa sufuria na kwa mikono, nikatandika matawi. Saa nzima ikaishia hapo. Network hakuna. Jua lilikuwa limesimama utosini na kila nikinywa maji nilikumbuka kwamba yeye hana hata tone.

Nilipojinasua nikaendelea mbele. Mbele tena! Napiga honi, nashuka, naita jina lake, nasikiliza. Kimya. Nilianza kuogopa kweli kweli. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini dadangu.

Hapo nikakutana na mama mmoja na punda wake wawili, anakwenda kuteka maji. Nikatoa kichwa dirishani, "Mama, umeona pikipiki?"

Akanitazama. "Hujambo, baba?"

Nikaona haya. Nikashuka, nikamwamkia shikamoo kama nilivyofunzwa nyumbani. Akaitikia marahaba, ndipo akanijibu.

"Hapa hapajapita pikipiki tangu asubuhi."

Nikamweleza habari ya tawi.

"Lilikuwa limelala kukata njia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwenzako ameifunga hii. Huku kwetu anayetangulia huifunga njia ambayo hakuifuata. Alikukataza, nawe umekuja."

Nilimwachia mtungi mdogo wa maji, sijui hata kama niliaga. Nikageuza.

Kurudi sikumbuki vizuri. Ule mchanga niliupita kwa kasi na dua.

Saa nane kasoro robo nilikuwa kwenye njia ya kushoto. Wakuu, hata kilomita moja haikufika. Pikipiki ilikuwa imeanguka kwenye korongo, Mwero chini yake, mguu umebanwa, bomba la moshi limemchoma shavu la mguu. Midomo imepasuka. Alikuwa amejifunika kichwa kwa shati.

Nikainua pikipiki, nikamvuta kivulini, nikamnywesha kwa kifuniko cha mtungi, kidogo kidogo. Nilikuwa nalia, sioni haya kulisema.

Alipopata sauti, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alisema, "Nilikusikia ukifika njia panda. Nikakupigia honi mpaka ikafa. Kisha nikasikia gari likienda zake."

Nami nilikuwa na AC na madirisha yamefungwa.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Hospitalini walisema ameponea chupuchupu, si kwa mguu bali kwa kiu. Sasa anatembea kwa magongo na ananitania kuliko zamani. Dadangu ndiye aliyenuna wiki tatu.

Juzi nilikwenda kuwaona. Mlangoni nikakuta ufagio umelala chini, umekata kizingiti. Nikasimama nje kama mpumbavu, siingii, siondoki.

Dadangu akanichungulia. "Mbona huingii?"

"Nauliza kwanza, huu ufagio ni alama ya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akacheka. Kisha akaanza kulia, akauokota ufagio mwenyewe, akanishika mkono akaniingiza ndani.

Nilichojifunza: kila mtu abebe maji yake, na msiachane kabla hamjakubaliana alama moja, kwa maneno, mkitazamana. Tawi ni lile lile, lakini mimi nililisoma kama dereva wa lori na yeye aliliandika kama mchunga mbuzi.

Sasa nawauliza wakuu wa pande zote: kwenu, tawi likilazwa njiani, linasema njoo au linasema usije? Andikeni hapa chini. Mwero naye anasoma.