Paka Aliyehamia Bila Kutajwa

Mkutano ulioitishwa kumjadili paka wa bibi yangu ulijaa watu kuliko ule wa bei ya pamba. Nilikuwapo kwenye yote miwili. Kwenye ule wa pamba wanaume walikaa wakitaniana na kugombania kivuli. Kwenye huu wa paka walikuja na fimbo na filimbi, wakakaa kimya. Bibi, mama yake baba, aliwekwa mbele juu ya kigoda, peke yake. Paka hakuletwa, wala hakuna aliyeuliza yuko wapi. Watu walikuwa wakiyatazama macho ya bibi.

Yalikuwa mekundu. Tangu alipoolewa alikuwa akipikia mavi makavu ya ng'ombe na miti ya pamba, kama wanawake wengi wa nchi ile yenye uhaba wa kuni, na moshi ulikuwa umeyaharibu. Miaka ile, ajuza mwenye macho mekundu akishatajwa mkutanoni hakuwa salama tena. Tulikuwa tumesikia habari za vikongwe waliokatwa mapanga vijiji vingine. Nyumbani kwetu hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, ila mama alikuwa ameacha kulala.

Inafaa nieleze tulifikaje hapo.

Baba alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Kiwanda kilikuwa mali ya ushirika, na nyumba tuliyokaa ilikuwa mali ya kiwanda. Mara wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Walikuja na malori yao na mizani zao, wakanunua pamba mashambani, na mashine za kwetu zikaanza kushinda kimya. Mwanzoni ukimya ule ulikuwa wa kupendeza. Tuliweza kusikia njiwa kwenye paa la ghala. Baadaye ulianza kututisha. Wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao na waache nyumba. Baba alikuwa na shamba upande wa Ngulyati, katika kijiji ambacho hatukuwa na ndugu, akajenga huko nyumba ya tofali mbichi, na pembeni kibanda cha bibi.

Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla hatujahama alikwenda kujitambulisha kwa mkuu wa sungusungu, jeshi la jadi lililokuwa likilinda kijiji. Utaratibu wa huko ulikuwa kwamba mgeni hutaja kila anachokuja nacho, watu na mifugo, ili siku kikipotea au kikizidi ijulikane. Baba akataja watu wanne, mbuzi, kuku, mkokoteni, ng'ombe wawili wa kukokota na mbwa mmoja. Aliporudi bibi akamuuliza, "Na paka umemtaja?"

"Mama, nani anataja paka? Paka si mfugo. Ni kama panya, yupo tu."

"Angekuwa kama panya angewala nani?" bibi akasema, na sote tukacheka, baba naye.

Bibi alikuwa mzaliwa wa Kiloleli, karibu na ziwa, na kwao kulikuwa na namna ya kumhamisha paka. Asubuhi ya safari alimpaka samli kwenye nyayo, ili akifika ashughulike kujilamba na asiwaze kukimbia. Akachota majivu ya jiko letu na kuyatia kwenye chungu kidogo. Kisha akamwingiza paka ndani ya gunia la pamba na kulifunga mdomo, kwa sababu paka akiiona njia ataifuata kurudi. Mbwa tulimfunga nyuma ya mkokoteni, akatembea mwenyewe, mkia juu.

Tulipanga kufika mchana. Tukiwa njiani, kwenye mchanga wa mto mkavu, gurudumu likatoka. Baba alilitengeneza kwa muda mrefu huku ng'ombe wakihangaika na paka akilia ndani ya gunia, sauti nzito ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Watu waliopita kwa baiskeli kutoka mnadani waligeuza shingo. Mmoja alishuka, akasikiliza, akapanda tena bila kutusalimu.

Tulifika jua limezama. Mama na mimi tulikuwa tukishusha vyombo. Bibi hakungoja taa. Aliketi kwenye kizingiti cha kibanda chake, akamwaga majivu mstari mmoja kutoka mlangoni hadi ndani, akafungua gunia, akaanza kumwita paka kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wakati huohuo jirani yetu, mwanamke wa makamo, aliingia uani na ndoo ya maji ya kutukaribisha.

"Mwadila, mayu," akamsalimu bibi kwa Kisukuma.

Kabla bibi hajaitikia, kitu kikaruka kutoka kwenye gunia, kikasimama juu ya majivu na kumtazama mgeni. Mwanga wa moto wa mama ulimulika macho yake. Jirani alitua ndoo polepole, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye uchochoro wa minyaa, kisha nikasikia miguu yake ikikimbia. Nilimwambia mama kwamba hakuaga. Mama akasema labda ameacha chungu motoni.

Haukupita muda mrefu mtoto wa jirani huyo akashikwa na degedege. Alipona, alipelekwa zahanati akapona, lakini hilo halikusaidia. Asubuhi moja mama alinituma kwao kuomba kaa la moto, kama tulivyokuwa tukiona wengine wakiombana. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Jirani alinijibu akiwa ndani, mlango umefungwa: "Moto wetu umezimika." Nikajaribu nyumba ya pili, na huko nako moto ulikuwa umezimika.

Jambo la ajabu ni kwamba mbwa wetu watu walimpenda. Aliiba mayai kwenye nyumba mbili, akamng'ata mbuzi wa mtu mguu, na bado watoto walikuja kumchezea. Mbwa alikuwa ametajwa.

Kule lamboni ndiko nilikoelewa. Nilikuta wanawake wamekaa ukingoni, wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Dada wa mjini, eti kwenu paka husafiri ndani ya gunia?"

"Ili asiione njia. Akiiona atarudi alikotoka."

"Na wewe ulifungwa gunia?"

"Mimi naijua njia. Mkinichosha nitarudi."

Wakacheka vizuri, mpaka mmoja akamwaga maji yake. Kwa muda nilidhani yamekwisha. Kisha yule wa kwanza akajitwisha ndoo na kusema, bila kunitazama, "Mbuzi mliwataja. Mbwa mlimtaja. Huyu wa gunia mbona mlimficha?"

Niliwaambia wazazi neno kwa neno. Baba alitaka kumuua paka jioni ileile na kuwaonyesha mzoga. Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ukimuua umewaambia kwamba walisema kweli," akasema. "Watauliza, kama alikuwa paka tu, mbona mmemuua?"

"Basi nikupeleke Kiloleli kwa ndugu zako, mama. Mpaka wasahau."

"Nikikimbia ndiyo hawatasahau. Nimehama mara moja mwaka huu, inatosha."

Baba alimwomba tena siku zilizofuata, kwa upole na kwa ukali. Mara moja nilimsikia akimwambia, nyuma ya zizi, kwamba hawezi kumlinda pale. Bibi akamjibu kwamba hajamwomba amlinde.

Ndipo ukaitishwa mkutano.

Mkuu wa sungusungu hakumtukana mtu. Aliuliza kwa mpangilio: kilichokuwa ndani ya gunia ni nini, majivu yalikuwa ya nini, maneno aliyokuwa akiyasema bibi yalikuwa yapi, na kwa nini yafanyike gizani. Baba aliinuka akaeleza habari za gurudumu. Mtu wa nyuma akasema, "Gurudumu linajua saa ya kutoka," na wachache wakaguna. Bibi alieleza samli, majivu na gunia, kimoja baada ya kingine. Maneno, alisema, yalikuwa ya kumbembeleza mnyama. Akayarudia. Yaliposikika pale kwenye kimya, kwa sauti yake iliyokauka, hata mimi niliyejua maana yake sikupenda kuyasikia.

Kisha bibi akasema kwamba yumo kijijini mwanamke aliyeolewa kutoka Kiloleli, na aulizwe yeye kama kwao paka hahamishwi hivyo. Watu wakageuka. Mwanamke huyo alikuwa amekaa upande wa wanawake, mtoto mapajani. Nilimjua. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekutana na bibi njiani, wakasalimiana kwa furaha na kuulizana habari za kwao, wakataja hadi majina ya vilima. Aliinuka. Alimtazama mume wake, akawatazama wenye fimbo.

"Hiyo mimi siijui," akasema, akaketi.

Bibi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali kwamba mvua imeanza.

Uamuzi ulikuwa mwepesi kuliko tulivyoogopa. Paka arudishwe alikotoka, na mtu wa sungusungu amsindikize. Bibi abaki, ila "aangaliwe." Hakuna aliyeeleza ataangaliwa na nani, wala kwa namna gani. Siku iliyofuata kijana wa sungusungu alikuja kumchukua paka, na bibi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye gunia. Kijana yule alilibeba akiwa ameunyoosha mkono mbali na mwili wake mpaka akapotea kwenye mashamba ya mtama.

Tulingoja mambo yatulie. Hayakutulia, wala hayakuchafuka. Watu waliitikia salamu kwa kifupi. Jioni, filimbi za sungusungu zilipita karibu zaidi na ua wetu kuliko nyua nyingine, au sisi ndio tulizisikia zaidi. Kila jioni baba alimuuliza bibi habari ya Kiloleli, na bibi alimuuliza habari ya palizi.

Asubuhi moja niliamshwa na sauti ya bibi ikiita kutoka kibandani. Haikuwa sauti ya hofu. "Nani amenifungia mlango?" alikuwa akiuliza. Nikatoka. Baba alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya kibanda, mikono imelegea.

Mlango wa bibi ulikuwa wa mbao, wenye tundu la kupitishia mkono. Kamba mpya ya katani ilikuwa imepitishwa kwenye tundu hilo na kuzungushiwa nguzo ya kibaraza, ikakazwa. Sote tulijua mlango hufungwa kwa nje kabla ya nini. Paa la kibanda lilikuwa la nyasi. Nililitazama, na mama aliyetoka nyuma yangu alilitazama pia. Hapakuwa na moto, wala kiberiti, wala alama ya mguu tuliyoweza kuitofautisha na yetu.

Baba alikata kamba. Bibi alitoka, akaitazama ile kamba iliyoning'inia, akamtazama mwanawe kwa muda. Kisha akasema atakwenda Kiloleli. Baba alikuwa ameshafunga ng'ombe kwenye mkokoteni kabla uji haujaiva.

Bibi aliishi huko mpaka akafa kwa uzee, kitandani. Kijijini tuliendelea kukaa, na baada ya msimu mmoja tulipewa moto kama wengine. Nimewauliza watu kadhaa habari ya kamba ile. Aliyekuwa mkuu wa sungusungu aliniambia vijana wake hawakuagizwa, na kwamba wangeagizwa wasingeondoka bila kumaliza. Jirani alisema hakulala kwake usiku ule. Yule mwanamke wa Kiloleli alilia tu.

Fundo lilikuwa lile la kumfungia ndama, ambalo kila mwanamume wa pale analijua, na baba analijua. Yuko hai, anaishi kwenye nyumba ileile. Asubuhi ile, nilipotoka kwa sauti ya bibi, miguu mitupu, yeye alikuwa ameshavaa viatu.