Fundi Ausi na Rimu za Marehemu Edwin

Saa mbili asubuhi, Nandagala wilayani Ruangwa, Ausi Mkwinda amepiga magoti kando ya gari jekundu la milango miwili. Anasugua nyuma ya rimu ya gurudumu alilolifungua, kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, na herufi zilizofunikwa na matope zinaanza kuonekana.

"Ya Kijapani hii. Na si ile iliyokuja na gari," anasema. "Mtu alizinunua kwa kupenda."

Aliyezipenda ni marehemu Edwin, aliyeleta gari hilo kutoka Dar es Salaam mwaka 1999. Tangu afariki halijawashwa. Sasa mjane wake, Gaudensia, anataka kuezeka nyumba kwa bati, na Jastin, mnunuzi wa vipuri, ametaja shilingi 60,000 kwa rimu zote nne. Kabla ya kukubali, mama huyo alimwita Ausi kutoka Nachingwea.

Ausi, 41, ni fundi wa pancha. Mwaka 2006 alinunua rimu kama hizi kwa mwalimu mstaafu, Bonifasi, kwa shilingi 6,000, akawauzia wayeyusha alumini wanaotengeneza sufuria kwa 9,000. Alijiona mjanja. Miezi michache baadaye dereva mmoja akamwonyesha picha ya rimu zilezile gazetini. Bei yake ilizidi laki mbili. Akaenda kumweleza mwalimu.

"Hakunigombeza," anakumbuka. "Alisema, 'Kumbe wote wawili hatukujua.' Ningetukanwa ningelala vizuri."

Tangu hapo ana daftari. Kila alama anayokutana nayo huichora, pamoja na upana wa rimu na idadi ya matundu ya nati.

Anazifungua zote na kuzivua matairi, kisha anagonga rimu moja moja kwa mpini wa spana. Tatu zinalia kama kengele. Ya nne inatoa sauti iliyokufa. Anaigeuza, na ndani anakuta mshono wa kulehemu uliopakwa rangi.

Anamweleza Gaudensia kwamba zingekuwa nzima zote zingefika laki tatu na nusu. Mama huyo anauliza, kwa sauti ya chini, kama ni lazima mnunuzi aambiwe.

"Hii itakatika mtu akiwa mwendo kasi, dada. Mimi nitaiandika."

Gaudensia analitazama gari la mumewe. "Basi andika," anasema. "Edwin alipenda mwendo."

Jastin alipofika adhuhuri alisoma karatasi aliyoiandika Ausi, akazigonga rimu mwenyewe, akabishana kidogo, kisha akalipa 220,000 kwa zile tatu. Ausi alichukua nauli na shilingi elfu tano.

Mwakani anataka kupanga chumba kando ya barabara Nachingwea na kutundika kibao: Rimu Hupimwa Bure. Wenzake wanamcheka, wakisema atajikosesha faida.

"Mwenye rimu akishajua bei yake," anasema Ausi, "ataamua mwenyewe kama aniuzie."