Majibu Alipewa Bwana

Jumanne, kwenye dispensari moja ya wafanyakazi wa mgodi huku Kampemba, niliona jambo ambalo hadi leo linanichemsha damu.

Mama mmoja alifika mezani kwa karani kuuliza majibu yake. Miezi kadhaa kabla ya hapo, madaktari watafiti walikata vinyama vidogo kwenye shingo ya kizazi ya wake wa wafanyakazi, wakitafuta kirusi cha chunjua kinachoshukiwa kuleta kansa humo.

"Numero ya bwana?" karani aliuliza bila kuinua macho. Huku kwetu mke hana faili. Ni mstari mmoja ndani ya faili la mumewe, lenye numero yake ya kazini.

Mama akaitaja. Karani akapitisha kidole kwenye daftari. "Yako iliishaka kutoka, mama. Bwana yako alichukua, alisaini hapa."

Mama akainama, akaitazama ile sahihi. "Aliniambia eti hakuna kitu."

"Basi umuulize yeye. Shiye hapa tunapana majibu kwa mwenye numero."

"Na ile siku ya kunikata nyama, mulimuita mwenye numero?"

Karani akafunga daftari.

Waheshimiwa wa sayansi, kinyama cha mama huyu kilipanda ndege hadi ng'ambo, kikapimwa, na habari yake ikarudi salama hadi Kampemba. Ikashindwa kuvuka meza ya karani, ambayo upana wake haufiki mkono mmoja.

Mama akatoka polepole, kiganja amekibana chini ya kitovu, mahali ambapo bwana yake haumwi.